Kreti Aliyoibeba Baba Yako

Mwanangu Mwantumu,

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, sijaandikiwa na mtu, kwa hiyo nivumilie pale mistari inapopanda na kushuka. Umekwenda Kiwangwa kumuaga bibi yako na nyumba imebaki kimya, mimi na begi lako hapa mlangoni. Kesho alfajiri baba yako mkubwa Rajabu atakuja kukuchukua akupeleke Chalinze ukapande basi la Sumbawanga. Nimeona niandike sasa, jua likiwa bado juu. Ukirudi tutapika, majirani watakuja kukuaga, na mdomo wangu ninaujua: utasema habari za blanketi na baridi ya huko mpaka usingizi utuchukue.

Habari hizo sitaziandika. Wewe sasa ni mwalimu, umeajiriwa, na kujitunza unajua kuliko nilivyojua mimi nilipokuwa na umri wako.

Ninaandika kwa sababu ya swali uliloniuliza juzi tulipokuwa tunachambua mchele. Uliuliza macho yako yakiwa kwenye ungo: "Mama, kule nikiulizwa baba yangu alikufa na nini, niseme nini?"

Niliinuka nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Wewe ukaendelea kuchambua. Hukurudia tena, na nilijua hutarudia.

Kifo cha baba yako umekisikia kwa watu. Umekisikia kwa shangazi zako, kwa wenzako wa shule, kwa watu wa gengeni ambao hukatiza mazungumzo ukifika. Kwangu hujakisikia. Mimi nilikuambia maneno machache tu, nikiwa ndani ya eda, na maneno hayo yalikuwa ya uongo. Nitayafikia.

Ulikua ukijua kwamba mimi ni mpishi wa hoteli Bagamoyo. Hukuwahi kuuliza nilifanya nini baada ya kuosha masufuria ya mchana. Mwenye hoteli, Bwana Hendriki, alikuwa mzungu mzee aliyekaa pwani hii mpaka Kiswahili chake kikapoteza ugeni. Nyuma ya jiko alikuwa na stoo yenye baridi, na humo ndimo alimopikia bia. Haikuwa biashara kubwa. Alipika ya kunywa mwenyewe na ya wageni aliowapenda. Alipika ile ya laga, ya rangi ya dhahabu, ambayo inachachia kwenye baridi na inalala humo majuma kwa majuma kabla haijawa kitu. Alikuwa akisema kuna bia za haraka, lakini laga ni bia ya mtu asiyefukuzwa na chochote.

Nilianza kwa kumwoshea ndoo. Mgongo wake ulipochoka nikawa namnyanyulia sufuria. Halafu nikawa ninakoroga, ninapima joto, ninachuja, na mwisho yeye akawa anakaa kwenye kiti na kuniangalia. Tone halikugusa ulimi wangu, na Mungu ni shahidi. Niliijua kwa pua na kwa macho, na kwa kile kipimo chake cha kioo kinachoelea ndani ya bia kama chelezo cha mvuvi na kukuonyesha sukari iliyobaki.

Niliipenda kazi ile, mwanangu. Hili sijamwambia mtu. Nilipenda harufu ya kimea kikiingia kwenye maji ya moto, mfano wa uji wa nafaka iliyokaangwa. Nilipenda kuona kitu kilichokuwa kama maji ya mafuriko kinatulia siku baada ya siku, mpaka ukikiweka kwenye bilauri unaona vidole vyako upande wa pili. Nyumbani nilikuwa ninapika wali na maharage, nao unaliwa, unakwisha. Ile ilikuwa kazi ya kungoja, na nilikuwa hodari wa kungoja.

Baba yako alijua. Kabla sijaanza kazi pale aliniuliza kama hoteli ina baa, nikamwambia inayo. Akafikiri siku kadhaa. Unamkumbuka alivyokuwa, jambo lolote alilipima kama fundi anavyopima ukuta. Halafu akaniambia, "Kazi ni kazi, Mama Tumu. Wao wana dini yao. Ila nyumbani kwangu usiniletee." Nikasema sawa. Hakuliongelea tena mpaka siku yenyewe.

Ukaja ule mwaka wa ugonjwa, wageni wakakatika. Wewe ulikuwa Iringa shuleni. Hoteli ikafungwa, Bwana Hendriki akaitwa na watoto wake arudi kwao, na alipokuwa akigawa vitu akanipa vyombo vyake vya bia. Friza, ndoo, kipimajoto, mashine ndogo ya kubana vizibo, gunia la kimea cha shayiri lililobaki, pakiti za hamira na za yale maua machungu aliyokuwa akitia kwenye bia. Akasema niuze au nitumie, hiari yangu. Vikaja Mapinga kwenye pikapu. Kile kipimo cha kioo nilikizungushia gazeti, lakini nilipofungua nyumbani nikakuta vipande.

Baba yako aliporudi kutoka kazini nikamwambia friza ni ya barafu za ukwaju. Na kweli niliuza barafu za ukwaju. Akauliza gunia ni la nini, nikamwambia chakula cha kuku. Tulikuwa na kuku, kwa hiyo uongo ule uliingia ndani bila hata kuinama mlangoni.

Alikuwapo mtu wa Bunju aliyeitaka ile friza. Alikuja, akarudi tena, akabembeleza. Nikamwambia imeshapata mtu. Lishike hilo.

Barabarani kulikuwa na mwanamke mwenye grosari ya kuuzia bia ambaye aliwahi kuonja bia ya Bwana Hendriki. Siku moja nikiwa napita aliniambia, kama mtu anayetania, kwamba nikipika ile ya mzee atachukua yote. Nikacheka, nikaenda zangu. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na mawazo yangu hayakuwa kwenye faida. Nilikuwa nawaza kama itatoka safi mkononi mwangu bila mzee kukaa pale kwenye kiti.

Baba yako akapata kazi ya kujenga nyumba ya mtu Kiwangwa. Akawa analala kwa kaka yake Rajabu na kurudi nyumbani Alhamisi jioni, ili Ijumaa aswali msikiti wetu. Basi alipoondoka Jumamosi mimi nikaanza.

Nilitwanga kimea kwenye kinu taratibu, punje ipasuke lakini ganda lisisagike. Nikakiloweka kwenye maji ya moto, nikakishikilia kwenye joto lake kwa kutoa kuni na kurudisha kuni. Nikachuja kwa shuka jeupe lililofuliwa. Nikachemsha na yale maua, nyumba nzima ikanuka uchungu, nikafunga madirisha. Kazi ngumu ilikuwa kupoza. Pwani hii kitu cha moto hakipoi, kinangoja tu. Niliitumbukiza sufuria kwenye beseni la barafu zilezile za ukwaju, nikabadilisha na kubadilisha mpaka mkono ukavumilia. Nikatia hamira, nikafunika, nikaweka ndoo ndani ya friza na kidude cha Bwana Hendriki cha kuizima ikizidi baridi. Kesho yake povu la kwanza likapanda kwenye mpira wa kutolea hewa. Nilikaa sakafuni nikasikiliza mapovu yanavyotoka moja moja, na nilifurahi kama nilivyofurahi ulipoanza kutembea. Sikufichi.

Ikifika Alhamisi nilifunika friza kwa mkeka, juu nikapanga vikombe vya barafu. Baba yako akirudi anaoga, anakula, ananisimulia habari za Kiwangwa, mananasi yamezaa namna gani, Rajabu amesema nini. Mimi nasikiliza kwa sikio moja. La pili liko kwenye friza. Aliniuliza mara moja kama ninaumwa.

Halafu umeme ukaanza kukatika. Unakatika asubuhi, unarudi kesho yake, unakatika tena. Nikaogopa joto, nikajaza machupa ya barafu kuzunguka ile ndoo, nikapitiliza. Mapovu yakakoma.

Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu husema nilikuwa sijui ninachofanya. Nilijua. Mapovu yakikoma kuna mambo mawili: hamira imemaliza kazi, au imelala kwa baridi. Kipimo kingeniambia, na kipimo kilikuwa kimevunjika. Bwana Hendriki alinifundisha kwamba asiye na kipimo angoje, na akichoka kungoja, angoje tena. Ningeitoa ile ndoo ipate joto kidogo, ningeona kama inaamka. Ingetaka majuma mengine mawili au matatu, si zaidi.

Lakini hayo yalikuwa majuma mawili matatu ya kufunika mkeka, ya kusema uongo kila Alhamisi, ya kuangaliwa na mtu asiyenishuku. Nilitaka kitu kile kitoke nyumbani. Nilikuwa mtu wa kungoja, na nikashindwa, kwa sababu kitu cha siri hakina subira. Kinamfukuza mwenye nacho. Tangu hapo nimeliona kwa watu wengi, Tumu, kwenye ndoa, kwenye biashara, kwenye mambo ya watoto wa shule wanaoficha mimba. Wanajua la kufanya. Siri haiwapi nafasi ya kulifanya.

Nikaijaza kwenye chupa. Zilikuwa chupa za kila namna, nyingine za bia, nyingine za soda, nyingine nyembamba za juisi. Kila moja nikaitia sukari kidogo ya kuipa gesi, nikabana vizibo, nikazipanga kwenye kreti, nikaweka kreti chini ya turubai kwenye chumba kile ambacho baba yako alikuwa hajakipiga lipu. Unakijua kile chumba. Mchana bati lake linapika. Hamira iliyokuwa imelala ikaamka humo, ndani ya kioo kilichofungwa, na sukari yake yote iko palepale, gesi haina pa kutokea.

Yule mwanamke wa grosari aliniahidi kuja Jumatano. Baba yako alirudi Jumanne.

Lori la mchanga halikufika kule Kiwangwa, kwa hiyo hakukuwa na kazi, akaona aje nyumbani kupumzika. Ilikuwa saa saba mchana. Alinisalimia hapa barazani, akaingia kuweka vyombo vyake vya kazi kwenye kile chumba. Mimi nilikuwa jikoni, na kabla sijafikiri la kufanya nikasikia mlio kama wa tairi linalopasuka.

Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama anatazama kona. Chupa moja ilikuwa imepasuka chini ya turubai, povu linatiririka sakafuni. Alifunua turubai. Akachutama, akagusa lile povu kwa kidole, akanusa. Hakuniuliza ni nini.

Akakaa kwenye mfuko wa saruji. Mimi nimesimama mlangoni, kanga nimeishika kwa mikono miwili. Nilitaka anifokee. Mtu akikufokea unapata pa kushika. Yeye akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuomba kitu kimoja, Mama Tumu."

Nilitazama povu likisogea kuelekea miguu yangu.

Akainuka akasema atazitoa nje akazimwage kule shimoni, kabla ya adhuhuri kumpita. Akainama kuchukua kreti ya juu.

Mwanangu, nimekuwa nikiuzunguka mstari huu tangu nilipoanza kuandika. Nilijua chupa ikipasuka moja, nyingine ziko njiani. Kule hotelini ilitokea mara moja, na Bwana Hendriki alitutoa wote stoo, akafunika kreti kwa magunia yaliyoloweshwa na hakuna aliyezigusa mpaka zilipopoa. Nilijua. Neno lilikuwa moja tu, "Usiguse." Na halikutoka. Nilikuwa na haya. Niliona nimeletea pombe nyumba ya mtu yule, nimemdanganya, na sasa nimwamuru tena jinsi ya kuitoa? Nikasogea kando nimpishe mlangoni. Nilimpisha kwa adabu kabisa.

Alikuwa ameikumbatia ile kreti kifuani. Alipofika hapa nilipokaa sasa, mlango wa barazani, ikalia moja, na ile moja ikaondoka na zilizo karibu yake.

Sitakuandikia niliyoyaona. Alikatwa shingoni, upande wa kulia, na mkononi. Aliiweka kreti chini, hakuitupa, halafu akakaa. Nilibana shingo kwa kanga, nikaita watu. Saidi, jirani yetu, alikuwa na bajaji yake nje. Tukampakia, nikampakata kichwa. Zahanati walituambia twende hospitali Bagamoyo, na tukashika njia. Tulipofika, aliyekuja na machela alimgusa, akaniangalia, akamwambia Saidi azime injini.

Walimrudisha nyumbani jioni ile. Rajabu na ndugu zake wakaja kutoka Kiwangwa. Wanaume wakamwingiza kumwosha. Mimi nikakalishwa chumbani na wanawake, na mama yako mdogo Zuhura, dada yangu, akiwa ubavuni.

Bia ilikuwa imemwagikia nguo zake zote na mwili wake. Kwa joto lile, harufu haikujificha. Waoshaji waliisikia, na waliokuwa uani wakaisikia. Nilianza kusikia sauti zinashuka. Mtu aliyefagia msikiti kila Ijumaa kwa mikono yake, analetwa nyumbani ananuka pombe. Unajua watu. Hawakuhitaji kuambiwa, walikuwa wanahesabu tu kwamba alikuwa akijificha vizuri.

Rajabu akaja mlangoni kwetu. Hakuingia. Alisema, "Shemeji, nisamehe kukuuliza. Ndugu yangu alikuwa anakunywa?"

Zuhura akanifinya mkono. Akaninong'oneza bila kugeuza uso, "Nyamaza, dada. Sema hujui. Yeye ameshakwenda, wewe bado una mtoto."

Nataka ujue kwamba nililifikiria. Sitaki uniweke juu. Nilifikiri kwamba aliyekufa hasikii kitu, na mimi nitaishi na watu hawa. Nilimpa Zuhura haki moyoni kwa muda mrefu zaidi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na Rajabu amesimama pale anangoja.

Kisha nikasema, "Hakunywa. Hakuwahi. Pombe ni yangu, nimeipika mimi humu ndani bila yeye kujua. Alikuwa anaitoa nje akaimwage."

Mwanamke aliyekuwa amenishika bega akaondoa mkono wake. Rajabu aliinamisha kichwa, akarudi kwa wanaume, na nikamsikia akiwaambia wamwagie maji tena, wamtie karafuu maiti, na kwamba ndugu yake amekufa akiondoa uchafu nyumbani kwake. Walimswalia wote. Kesho yake akazikwa Kiwangwa kwa wazee wake.

Ndilo jambo moja nililolifanya vizuri katika habari hii yote, nalo lilikuja limechelewa nusu siku. Nakuambia usije ukadhani ukweli ni dawa. Haukuniponya. Askari walikuja, nikawajibu hayohayo, wakachukua friza na ndoo, na Rajabu ndiye aliyewaambia familia haina shitaka. Baada ya hapo hakusema nami tena. Siku za eda aliyekuja kukaa nami ni Zuhura peke yake. Nilipotoka na kuanza kukaanga maandazi, kina mama waliwakataza watoto kununua kwa mikono ya pombe. Nilikuwa nakaanga asubuhi na jioni nawapa kuku, safari hii kweli kuku. Ilichukua muda mrefu watu wakachoka kuniepuka. Hawakunisamehe, walichoka tu. Rajabu akakusomesha kwa heshima ya ndugu yake, na mpaka leo akija havuki baraza. Kesho utamwona atasimama palepale. Usimlazimishe kuingia. Ana haki yake, na mimi sijawahi kupata ujasiri wa kumwomba aiache.

Sasa nije kwenye yale maneno.

Ulifika kutoka Iringa, baba yako ameshazikwa. Ulisimama mlangoni na sketi ya shule, vumbi la safari miguuni. Hukunisalimia. Ulisema, "Kwa nini, mama?" Nami nilikuwa nimetoka kuangaliwa na kila mtu kama kitu kilichokufa njiani, na wewe ulikuwa wa kwanza niliyeweza kumrudishia. Nikakujibu, "Nilifanya kwa ajili yako. Ulidhani unasomeshwa na nini?"

Hukulia. Ulikwenda kulala kwa mama yako mdogo. Tangu siku ile umekuwa mtoto wa adabu mno kwangu. Shikamoo mama, ndiyo mama, chakula tayari mama. Hukuniomba kitu tena. Nilikuona ukishona viatu vyako kwa waya, nikajua kwa nini huniombi vingine, nikanyamaza. Ulibeba kichwani mzigo wa mtu mzima, na aliyekutwika alikuwa anakutazama ukiubeba.

Nautua leo. Haikuwa kwa ajili yako. Baba yako alikuwa anakusomesha kwa matofali yake, na yangetosha. Kama ni shida, ningemuuzia yule mtu wa Bunju friza. Nilimfukuza kwa sababu nilitaka kuipika ile bia. Nilitaka kuona kama ninaweza. Ilikuwa tamaa ya mikono, haikuwa ya tumbo wala ya mtoto. Wewe hukuwamo kabisa, Tumu. Hukuwamo kwenye ndoo, hukuwamo kwenye chupa. Ulikuwa Iringa unasoma.

Basi wakikuuliza huko alikufa na nini, sema alikatwa na chupa akitoa pombe nyumbani kwake. Wakiuliza pombe ya nani, sema ya mama yangu. Usinisitiri. Na kama hutaki kusema lolote kwa mtu usiyemjua, usiseme. Kunyamaza si kuficha. Anayenyamaza, siku akiulizwa na anayestahili, atajibu. Anayeficha anaanza kupanga mikeka.

Na hili jingine ninakupa kwa sababu nimelinunua ghali. Itakuja siku umekosea, na uliyemkosea amesimama mbele yako, na haya imekushika. Ukiona kuna hatari inamjia, sema kwanza lile la kumwokoa. Sema hata kama huna haki ya kufungua mdomo. Haya itakungoja, haina haraka, haiendi popote.

Naona nimekaribia mwisho wa karatasi na kuna kitu sijakiandika. Nilikiruka makusudi nilipoandika habari za bajaji. Sikumwambia Rajabu, sikuwaambia askari, hata Zuhura hajui, kwa sababu nikikisema kitaonekana ninaomba kuhurumiwa. Lakini ni chako. Ni cha baba yako, na wewe ndiye mtu wake.

Tulipokuwa tumevuka Kiromo alifumbua macho. Nguo yangu ilikuwa nyekundu yote, na nadhani hakujua kwamba ni damu yake. Aliinua mkono ule mzima akanigusa begani, akauliza, "Na wewe umeumia?"

Nikamwambia sijaumia, Baba Tumu.

Akasema, "Alhamdulillahi." Hakusema neno jingine.

Mimi mama yako,
Hadija